Kigodoro cha Mjukuu wa Sabaha

Sabaha hakuhitaji kusoma maandishi kwenye gunia. Alikuwa analiinua mpaka puani, ananusa, anakwambia hili lilibeba korosho, hili kahawa, hili sukari iliyolowa maji melini. Wenzake ghalani walimpima makusudi, wanamfunga macho kwa kanga, na hakukosea. Mimi sikuona cha kujivunia hapo, na nilimwambia. Mwanamke mzima, Mngindo wa Liwale, umekuja mpaka Dar es Salaam kunusa magunia? Akanijibu afadhali yeye anayenusa kuliko Mngoni wa Songea anayelisha watu vitumbua vya mafuta ya juzi. Tulikuwa watani, kwa hiyo hakuna aliyenuna. Jina langu Candida, na kwa miaka kumi na minne mimi na Sabaha tulipanga nyumba moja Kariakoo, nyumba ya vyumba sita, mlango wangu ukitazamana na wake.

Kazi ya magunia aliianza mwaka wa Azimio la Arusha, mumewe alipofariki na kumwachia mtoto mmoja wa kike, Mboni. Ghala lilikuwa Mchafukoge, la Bwana Kantilal, aliyenunua magunia matupu kutoka bandarini na viwandani akayauza tena. Wanawake sita walishinda humo. Gunia likifika linageuzwa nje ndani, linapigwa fimbo mpaka vumbi liishe, kisha linazibwa matundu kwa sindano ndefu iliyopinda na uzi wa katani. Miaka ile ya shida, baada ya vita vya Kagera, gunia zima lilikuwa mali. Wenye mkaa walilitaka, wenye mpunga walilitaka, na watu walikuja kulitafuta kutoka hata Ifakara.

Magunia yaliyogombewa kuliko yote yalitoka kiwanda kimoja cha mabomba na vigae vya saruji. Yalikuwa mazito, hayachaniki. Ndani yake kilibaki kitu cheupe cha nyuzinyuzi, laini sana, tulichokiita pamba kwa kuwa hatukujua jina jingine. Ukilipiga gunia lile, ghala lote linakuwa jeupe, mwenzako humwoni. Sabaha alirudi jioni na nyusi nyeupe, sisi tunamcheka uani, tunamwambia bibi kizee karudi. Ile pamba hakuitupa. Aliikusanya kidogo kidogo kwenye foronya, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu Sabaha hakuwa mtu wa kutupa kitu. Ukimuuliza ya nini, anasema itapata kazi yake.

Kikohozi kilimwanza mwaka wa sabini na tisa. Kikavu, hakina makohozi ya maana, lakini hakiondoki. Baadaye pumzi nazo zikaanza kumpungukia. Kutoka ghalani mpaka nyumbani ni mwendo wa dakika kumi na tano, yeye akawa anatumia saa nzima, anasimama kila kona akijifanya anaangalia vitu madukani. Vitu vyenyewe wakati ule havikuwepo, rafu tupu, ndipo nikamshtukia. Alikonda, kanga ikawa inamzunguka mara mbili. Nikamburuta mpaka zahanati.

Mganga wa pale alimsikiliza akikohoa mara mbili tu, akasema kifua kikuu. Makohozi yalipimwa, hayakuonyesha kitu. Akasema wakati mwingine ugonjwa hujificha. Basi, Sabaha akachomwa sindano kila asubuhi kwa siku sitini, matako yakawa magumu, masikio yakavuma, na juu yake vidonge vya kumeza mwaka mzima na zaidi. Hakuruka hata siku moja. Kikohozi kikabaki pale pale.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu, maana sipendi watu wanaosimulia makosa ya wenzao na kurukia ya kwao. Kikombe cha Sabaha nilikitenga mimi. Wala sikuambiwa na mtu. Jioni ile ile tuliyotoka zahanati nilichukua kikombe chake cha bati, nikafunga uzi mwekundu kwenye kishikio chake ili mtu asikikosee, na sahani yake nikaitoboa ukingoni kwa msumari. Pale uani wanawake tulikuwa tunakula sinia moja, kila mtu anatoa alichojaliwa. Kuanzia siku hiyo Sabaha alikula peke yake kwenye kizingiti cha mlango wake. Niliona nimefanya jambo la busara. Yeye hakulalamika, alisema tu, “Uzi mwenyewe umeufunga vibaya, Mngoni wee, utafunguka,” akaufunga upya kwa mikono yake, fundo la gunia, lile lisilofunguka.

Mwaka wa themanini na moja Mboni akapata mimba ya kwanza. Mumewe alikuwa dereva wa lori njia ya kusini, haonekani nyumbani, na hata angekuwepo, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Kwa hiyo akaja kwetu. Lakini akae wapi? Chumba cha mama yake kilikuwa cha mgonjwa. Nikampa kitanda changu, nikalala chini kwenye mkeka. Akajifungua salama mtoto wa kike, akaitwa Kijakazi, jina la mama yake Sabaha.

Kwa watu wa huko kwao, mzazi na mtoto hukaa ndani siku arobaini, na kazi yote ni ya bibi. Bibi ndiye anayemkanda mzazi kwa maji ya moto, ndiye anayemwogesha mtoto, na siku ya arobaini ndiye anayemtoa nje kwa mikono yake aone jua na barabara. Haya yote Sabaha hakuweza kuyafanya. Alijikataza mwenyewe. Mboni alilia, akamwomba mama aingie japo mara moja, Sabaha akagoma. Alisimama mlangoni kwake, kanga puani, anatutazama kwa ng'ambo ya ukumbi. Nikakanda mimi, nikaogesha mimi, Mkristo wa Songea nisiyejua lolote, na yeye ananifokea kutoka kule: “Maji moto zaidi! Si hivyo, we mwanamke, unamkanda au unasugua sufuria? Shika shingo ya mtoto! Shingo!” Tulicheka mpaka Mboni akashika tumbo akatuomba tuache. Lakini nikigeuka kumwaga maji, namwona Sabaha bado amesimama pale, mikono ameiweka mbele hivi, kama aliyepakata kitu. Iliniuma, wallahi. Iliniuma nikashindwa kumtazama.

Siku ya kumi hivi akaniita. Akaniambia, “Mtani, nataka mjukuu wangu alale pazuri. Mimi siwezi kushika kitu chake. Nishonee kigodoro.” Akanisukumia kwa mguu ile foronya yake, imejaa pamba nyeupe ya miaka yote. Nikatafuta kipande cha kitambaa cha marekani, nikakishona kwa mkono, nikajaza ile pamba mpaka ikaumuka vizuri, nikapiga mishono katikati isikusanyike upande mmoja. Kilitoka kigodoro laini ajabu. Sabaha alikitazama kwa mbali akatabasamu, akasema angalau kuna kitu cha bibi kinamgusa mtoto.

Ikawa sasa anahesabu siku. Alitaka jambo moja tu duniani: siku ya arobaini amtoe Kijakazi nje mwenyewe. Vidonge alikuwa amekaribia kumaliza. Akaniambia akienda hospitali kubwa, akapigwa picha, daktari akasema amepona, basi atambeba. Asiposema, nitambeba mimi. Mjumbe wetu wa nyumba kumi akatuandikia barua, na siku ya thelathini na sita tukaenda, mimi nimemshika mkono, vitumbua siku hiyo vimelala.

Tulimkuta daktari kijana, Daktari Benjamini. Alisimama kutusalimia, “Shikamooni,” tukaitikia marahaba, nikasema moyoni huyu kalelewa. Akamsikiliza Sabaha mgongoni kwa muda mrefu, huku chini na huku chini tena. Akamshika vidole, akatazama kucha zake zilizovimba na kujipinda. Akaitundika picha ya kifua kwenye taa, akaikodolea macho. Halafu akauliza swali ambalo kwa miaka miwili hakuna aliyeliuliza, si mganga wa zahanati, si mimi niliyejifanya najua.

“Mama, kazi yako ni nini?”

“Magunia,” Sabaha akasema. Akaanza kuyataja kwa fahari yake ile ile: ya korosho, ya kahawa, ya sukari, ya mbolea. “Na ya kiwandani, yenye pamba. Hayo ndiyo mazuri.”

“Pamba gani?”

Sabaha akapekua pindo la kanga yake ya kazini, aliyokuwa amejifunga ndani. Haikukosekana. Akatoa unyuzi mmoja mweupe akampa. Daktari hakuupokea kwa mkono wake, aliukinga kwa karatasi, akaikunja karatasi vizuri.

“Hii si pamba, mama. Ni jiwe. Linaitwa asbestosi. Linachanika nyuzi nyembamba zisizoonekana, unazivuta, zinaingia kwenye mapafu na hazitoki tena. Mapafu yako yamejaa makovu, yamekakamaa, ndiyo maana pumzi haikutoshi. Huna kifua kikuu. Kwa ninavyoona, hujawahi kuwa nacho.”

“Naambukiza?” Sabaha akauliza.

“Huambukizi.”

“Nikimbeba mjukuu wangu?”

“Mbebe.”

Mimi nilipiga kigelegele. Pale pale, chumbani mwa daktari, mpaka muuguzi akafungua mlango akanitolea macho. Sabaha alikuwa anacheka na kukohoa kwa pamoja, machozi yanamtoka. Daktari alitusubiri tumalize, uso wake haukucheka. Akasema polepole kwamba dawa ya kuondoa makovu yale haipo, si hapa wala Ulaya, na kwamba hawezi kumdanganya mama mtu mzima. Lakini kuna mengi ya kufanya ili aishi na mapafu aliyobaki nayo. Vidonge aache. Ghalani asirudi tena, hata kesho. Moshi wa kuni aukimbie. Alale ameinua kichwa. Makohozi yakibadilika rangi au homa ikipanda, aje siku hiyo hiyo, asisubiri wiki. Na atembee kila siku, mwendo mfupi, asimame kupumzika kabla pumzi haijaisha, si baada ya kuisha. Akamfundisha kupumua: vuta kwa pua, kisha bana midomo utoe pole pole, kwa muda mrefu kuliko uliovuta, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Sabaha akajaribu. Mara ya tatu akaipata, mabega yakashuka, akanitazama kwa mshangao.

Tumeshasimama kuaga, daktari akauliza, “Hilo vumbi halipo nyumbani? Nguo za kazi, magunia? Kuna watoto?”

Sabaha alikuwa anajifunga kanga. Mikono ikasimama.

“Candida,” akasema. “Kigodoro.”

 Nilimweleza daktari kwa maneno yaliyochanganyikana. Alishika kichwa chake, kisha akasema mtoeni mtoto haraka, kile kitu msikikung'ute, msikichome, kimwagieni maji kilowe chepechepe, mkifunge, mkifukie mbali. Mimi nusu ya hayo sikuyasikia. Tulikuwa tumeshatoka.

Kituoni tulipata basi, Ikarusi, tukasimama njia nzima. Sabaha alikuwa ameshika chuma cha juu kwa mikono miwili, midomo ameibana, anatoa pumzi kama alivyofundishwa.  Tuliposhuka Msimbazi nilimwambia akae kwenye baraza nikimbie peke yangu. Akanikamata bega. Vidole vyake vya kushonea magunia viliniingia mpaka mfupani, na hivyo hivyo tukaenda, mwanamke ambaye jana yake alipumzika mara tatu kwenda chooni.

Ukumbini hapakuwa na mtu. Mboni nilimsikia uani, anafua. Nikakimbilia uani kumwita, maana nilidhani tutaingia wote. Sabaha hakunisubiri. Aliingia chumbani mwangu, alimokuwa hajakanyaga tangu mtoto azaliwe.

Mboni alitangulia kufika, mimi nyuma yake. Tulimkuta mama yake ameinama juu ya kitanda, ameshamnyanyua Kijakazi, amembana kifuani, mdomo wazi unatafuta hewa karibu na uso wa mtoto.

“Mama!” Mboni akapiga ukelele. “Mama, usimshike! Utamuua! Mama, mwache!”

Sabaha akatikisa kichwa. Alitaka kusema, pumzi haikumpa nafasi. Mboni akamrukia kumpokonya mtoto, na Sabaha, ambaye hakuwa na nguvu ya kuinua ndoo nusu, hakuachia. Alikuwa ananionyesha kigodoro kwa macho tu. Nikaingia kati yao, nikamkumbatia Mboni kwa nguvu, nikamwambia sikioni, “Si yeye. Mama yako hana kitu. Ni kigodoro, Mboni. Nilichokishona mimi.” Nilirudia mpaka akanielewa, na alipoelewa aliketi chini sakafuni, akalia. Mtoto naye akaamka akalia. Sabaha aliketi kitandani, akabana midomo, akatoa pumzi ndefu juu ya kichwa cha mjukuu wake, tena na tena, mpaka wote wawili wakatulia.

Kile kigodoro nilikibeba mpaka uani. Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Nikakimwagia mafuta ya taa, mafuta tuliyoyapangia foleni siku mbili, nikawasha. Ndiyo, daktari alikataza, na baadaye alinigombeza, na nilistahili. Marekani iliungua dakika moja. Uzi wangu ukaungua. Ile pamba ikabaki pale katikati ya majivu, nyeupe vile vile, haikugeuka hata rangi. Nikaongeza mafuta. Moto ukazima, yenyewe ipo. Sabaha alikuwa amesimama mlango wa uani, mtoto mikononi, anatazama.

“Moto umeishindwa,” akasema. “Na mimi nimeimeza miaka kumi na minne.”

Ndipo nikakumbuka maji. Tukailowesha, tukaifunga kwenye karatasi ya nailoni, mjumbe akatuonyesha pa kuifukia. Jioni nikachemsha chai ya rangi. Nikachukua kikombe cha Sabaha, nikajaribu kufungua ule uzi mwekundu, fundo likagoma, nikaukata kwa meno. Nikamimina chai, nikapiga funda mimi kwanza, mbele ya wapangaji wote, ndipo nikampa. Akanywa. Akasema nimeweka sukari kidogo, Mngoni bahili.

Kesho yake nilikwenda Mchafukoge na ulimi wangu wote. Nilimkuta Bwana Kantilal amekaa kwenye kiti chake cha miaka yote, mlangoni mwa ghala, na kabla sijafungua mdomo alikohoa. Kikavu. Nilikijua kikohozi kile. Nikajikuta nimekaa kwenye gunia, nikamweleza kwa upole, naye akanisikiliza huku ametazama mikono yake. Akaniuliza jina la daktari. Magunia ya kiwandani aliacha kuyapokea wiki ile, na wale wanawake watano aliwapeleka wote kupigwa picha. Wawili walikutwa na makovu.

Kijakazi alipimwa, kifua chake kilisikika safi. Daktari alisema wiki nne si miaka kumi na minne, na pia alisema vumbi hilo huchukua muda mrefu kujionyesha, kwa hiyo tusiache kumpeleka. Hatujaacha. Ana miaka minne sasa, na kila akipata mafua mimi silali.

Siku ya arobaini watu walijaa ukumbini, ubani unafuka. Sabaha akautazama, akaamuru utolewe nje, moshi ni moshi. Akavaa kanga mpya, akampokea mtoto kutoka kwa Mboni. Kutoka chumbani mpaka barabarani ni hatua ishirini na tano, nilizihesabu mwenyewe. Alitembea nane akasimama. Akabana midomo, akapumua. Watu wakasubiri. Akatembea sita, akasimama tena, akaegemea ukuta, jasho linamtoka. Mboni akaniangalia. Nikasogea, nikanyoosha mikono, nikamwambia, “Mtani, nipe nikusaidie, ni hapo tu.”

“Ondoka hapa,” Sabaha akasema, pumzi moja neno moja. “Mmembeba. Ninyi. Siku zote.”

Akavuta kwa pua. Akanipita.